Vekta na komponenti: jinsi ya kulikata swali la mwendo vipande viwili mpaka likae

Mi nafundisha tuisheni ya fizikia jioni, wengi ni vidato vya tano na sita, na kila mwaka wakija wapya nakutana na kitu kile kile. Mpe mtoto swali la gari linaloenda moja kwa moja barabarani, anakumalizia kabla hujakaa vizuri, v = u + at, s = ut + ½at² (u ni velositi ya mwanzo, v ya mwisho, t muda, s umbali, a mchapuko, yani velositi inavyobadilika kila sekunde), jibu hilo hapo. Mwambie sasa kitu hicho hicho kimerushwa kwa pembe, au boti inavuka mto wenye mkondo, ghafla kalamu inasimama, anaanza kufunua daftari kutafuta fomula ya boti. Hakuna fomula ya boti jamani. Fomula ni zile zile tatu nne ulizozizoea, kilichobadilika ni kwamba kitu kinaenda pande mbili kwa mpigo mmoja na wewe hujakitenganisha kabla ya kuanza kupiga hesabu.

Kwahiyo leo naongelea kutenganisha tu. Ukijua kutenganisha, swali moja gumu linakuwa maswali mawili mepesi.

Kwanza tuweke sawa vekta ni nini. Spidi ni namba tu, spidomita ya bodaboda inakwambia 60 na haijali unaenda Bagamoyo au unatoka. Velositi ni spidi pamoja na upande unakoelekea, na ukisahau upande umesahau nusu ya jibu. Tunaichora kama mshale, urefu wa mshale ni ukubwa, ncha ndio uelekeo, na kitu chochote chenye vyote viwili ndio vekta. Hapa kuna mtego mmoja mdogo ambao watu wa pwani wanaingia sana: upepo tunauita kwa kule unakotoka. Upepo wa kaskazi, ule wa kuanzia Desemba hivi, unatoka kaskazini mashariki, sasa mtu akiuchora kwenye swali anachora mshale unaelekea kaskazini kwa sababu jina limemwambia hivo. Mshale unatakiwa uelekee kule hewa inakoenda, yani kusini magharibi. Swali likisema "upepo unavuma kutoka magharibi", mshale wako unaenda mashariki. Soma neno "kutoka" mara mbili.

Sasa komponenti. Chukua fimbo uiegemeze hewani, imelala kwa pembe fulani toka ardhini, alafu jua liwe la utosini kabisa. Kivuli chake ardhini ndio komponenti ya mlalo. Alafu fikiria umewasha tochi kutoka pembeni, kivuli kinaangukia ukutani, hicho ndio komponenti ya wima. Fimbo ni moja, vivuli viwili, na ukinipa vivuli vyote viwili naweza kukuambia fimbo ina urefu gani na imelala pembe ngapi bila kuiona. Na angalia, fimbo ikilala zaidi kivuli cha chini kinarefuka na cha ukutani kinafupika, ikisimama wima kabisa cha chini kinapotea. Picha hiyo ukiwa nayo kichwani utajua mwenyewe kama jibu lako lina akili au halina.

Kihesabu ni pembetatu mraba. Mshale wako ndio ule upande mrefu, vivuli ndio pande mbili zingine. Kivuli kinachogusa pembe uliyopewa unakipata kwa kosaini, kile kinachoitazama pembe kwa ng'ambo unakipata kwa saini (sio ile ya kwenye fomu). Mfano velositi 20 m/s, pembe 30° toka mlalo (vx ni kivuli cha mlalo, vy ni cha wima):

vx = 20 cos 30° = 17.3 m/s
vy = 20 sin 30° = 10 m/s

Ila naomba tusikilizane hapa maana hapa ndio watu wanapokufa. Kosaini SIO ya x. Watoto wanakariri "x ni kosi, y ni saini" kwa sababu mifano kumi ya kwanza ilikuwa hivo, alafu mtihani unakuja na pembe iliyopimwa toka wima, au toka kaskazini, na wanaandika kile walichokariri. Kosaini ni ya jirani, upande ulioshikana na pembe, basi. Kama pembe imepimwa toka wima, jirani yake ni y, kwahiyo y ndio inachukua kosaini. Usiandike cos wala sin kabla hujachora pembetatu na kuweka kidole kwenye pembe yenyewe. Mi mpaka leo nachora, na nimeanza kufundisha zamani.

Kuhusu kalkuleta nina kidonda changu. Nikiwa kidato cha tano nilifanya jaribio la mwisho wa muhula, maswali yote ya vekta nilijua, nimetoka nje natembea kifua mbele, karatasi imerudi nina kumi na moja. Kumbe jirani aliniazima kalkuleta yake ikiwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe, sio digrii) na mi sikuangalia, kila sin na cos niliyobonyeza ilikuwa ni takataka na hata sikushtuka nilipopata komponenti hasi kwenye mshale unaoelekea juu kulia. Kwahiyo kabla ya chochote bonyeza sin 30. Ikija 0.5 uko kwenye digrii, endelea. Ikija −0.988 uko kwenye radiani, badilisha. Sekunde tatu tu.

Jambo la alama sasa, chanya na hasi. Chagua mwenyewe upande gani ni chanya, andika juu ya mchoro kwa vimishale viwili vidogo, alafu usibadilishe mawazo katikati ya swali. Kawaida kulia na juu ni chanya. Ukishasema juu ni chanya basi mchapuko wa mvutano wa dunia unaovuta chini, tunauita g, ni −9.8 m/s² (au −10 kama karatasi imesema tumia 10), na unabaki −9.8 mpira ukipanda, ukifika kileleni, ukishuka, muda wote. Nakutana na watu wanaoweka g hasi wakati mpira unapanda alafu wanageuza kuwa chanya ukianza kushuka ndani ya hesabu moja, alafu wanashangaa mpira haurudi chini.

Tuanze na kujumlisha, maana ndio rahisi. Bodaboda kaenda km 4 mashariki, alafu akakata akaenda km 6 kuelekea kaskazini 30° mashariki. Yuko wapi ukilinganisha na alipoanzia? Jibu sio km 10, hiyo ni mafuta aliyochoma. Na wala usijumlishe mishale hivo hivo, jumlisha vivuli. Mashariki tuite x, kaskazini y. Kipande cha kwanza: x = 4, y = 0. Kipande cha pili, "kaskazini 30° mashariki" maana yake umesimama unaangalia kaskazini alafu umegeuka 30° kwenda mashariki, pembe imepimwa toka kaskazini, kwahiyo jirani ni y:

x = 6 sin 30° = 3
y = 6 cos 30° = 5.2

Umeona? Hapa x ndio imechukua saini. Jumla x = 7, jumla y = 5.2. Umbali toka alipoanzia ni kipeuo cha 7² + 5.2², inakuja kama 8.7 km, na pembe ni tanjenti kinyume ya 5.2/7, ambayo ni karibu 36.6° toka mashariki kwenda kaskazini. Mtihani unataka vyote viwili, ukubwa na uelekeo, ukiandika 8.7 km peke yake umeacha maksi mezani.

Na hiyo tanjenti kinyume ina ujanja wake. Tuseme jumla ya x ingekuwa −7 badala ya 7. Kalkuleta itakwambia −36.6°, maana yenyewe inaona sehemu tu, 5.2 kwa −7, haijui hasi ni ya nani. Lakini wewe ukichora unaona kabisa mshale uko juu kushoto, kwahiyo pembe halisi toka mashariki ni 180 − 36.6, yani 143.4°. Dawa yake ni kuchora tu, hakuna nyingine.

Haya tuingie kwenye mwendo wenyewe. Kuna kitu Galileo alikiandika kwenye kitabu chake cha 1638 ambacho bado ndio uti wa mgongo wa mada nzima: kitu kilichorushwa kina miendo miwili ndani yake, ule wa mlalo unaokwenda bila kubadilika na ule wa wima unaochapuka kwenda chini, na hakuna unaoingilia mwenzake. Huamini? Weka sarafu mbili za mia mbili ukingoni mwa meza, moja idondoshe tu, nyingine ipige kwa rula iruke mbele, zote kwa wakati mmoja. Sikiliza. Utasikia "tak" moja. Meza ya sentimita 80 inachukua kama sekunde 0.40 kwa zote mbili. Iliyopigwa kwa 2 m/s itaangukia kama sentimita 81 mbele lakini haijachelewa hata kidogo, kwenda mbele hakujaisaidia kubaki hewani.

Ndio maana tunaruhusiwa kukata swali katikati. Kwenye karatasi chora mstari wa kushuka, kushoto andika x, kulia andika y. Upande wa x mchapuko ni sifuri, kwahiyo kuna fomula moja tu, x = vx · t, usiniletee ½at² huku. Upande wa y mchapuko ni −9.8, huko ndio zile fomula zako zote zinafanya kazi, ila unaingiza vy, sio v nzima. Alafu katikati ya mstari, chini, andika t. Muda ni kama kisima cha kijiji, nyumba zote mbili zinachota hapo hapo. Kwenye maswali mengi ujanja ni huo: upande mmoja una taarifa za kutosha kukupa t, unaibeba unaipeleka upande wa pili. Ukikwama jiulize "t naweza kuipata upande gani?" na mara nyingi umeshakwamuka.

Tufanye faulo. Mpira uko mita 20 toka goli, mchezaji kaupiga 20 m/s kwa pembe 20° juu ya uwanja, moja kwa moja kuelekea katikati ya goli. Ukuta uko mita 9.15 kama sheria inavyosema. Mwamba wa juu uko mita 2.44. Unavuka ukuta? Unaingia? Tunapuuza hewa, na hatumjali kipa.

Kata kwanza:

vx = 20 cos 20° = 18.8 m/s
vy = 20 sin 20° = 6.84 m/s

Ukuta. Tunajua x = 9.15, na upande wa x una kila kitu, kwahiyo t inatoka huku: 9.15 ÷ 18.8 = sekunde 0.487. Tunaibeba kwenda y (ile 4.9 ni nusu ya 9.8, toka kwenye ½at²):

y = 6.84 × 0.487 − 4.9 × 0.487² = 3.33 − 1.16 = 2.17 m

Mpira unapita mita 2.17 juu ya ardhi pale ukutani. Jamaa wa mita 1.80 akisimama tu umempita, akiruka vizuri ameublok kwa kichwa. Goli sasa: t = 20 ÷ 18.8 = sekunde 1.064.

y = 6.84 × 1.064 − 4.9 × 1.064² = 7.28 − 5.55 = 1.73 m

Chini ya 2.44, umezama wavuni. Na angalia hakuna sehemu tuliyotumia ile fomula ndefu ya njia ya mpira ambayo watu wanaikariri yenye tan na cos mraba chini yake. Ipo, ni sahihi, lakini ukiisahau kwenye mtihani umekwisha, wakati hii ya kukata huwezi kuisahau maana hakuna cha kukariri.

Wakiuliza mpira unaingia na velositi gani? vx haijabadilika, bado 18.8. vy = 6.84 − 9.8 × 1.064 = −3.59, hasi maana yake unashuka. Rudisha fimbo toka kwenye vivuli: kipeuo cha 18.8² + 3.59² kinakuja kama 19.1 m/s, na pembe ni tanjenti kinyume ya 3.59/18.8, kama 10.8° chini ya mlalo. "Chini ya mlalo" iandike kwa maneno.

Nikiwa hapa hapa, kileleni. Swali la kuchagua linalowaangusha wengi kuliko yote ni "velositi ya mpira ukiwa kileleni ni ngapi?" na wanajibu sifuri. Kama velositi ingekuwa sifuri mpira ungesimama hewani alafu ungedondoka wima kama nazi. Kilicho sifuri ni vy peke yake. vx bado ipo, kwenye faulo yetu kileleni mpira unakwenda 18.8 m/s mlalo. Na mchapuko pale juu bado ni 9.8 kwenda chini, mvutano wa dunia hauendi mapumziko.

Mto sasa. Boti inakwenda 4 m/s ukilinganisha na maji, mkondo ni 3 m/s, mto una upana wa mita 120. Nahodha kaelekeza omo, yani pua ya boti, moja kwa moja ng'ambo. Anatumia muda gani, na anafikia wapi?

Kitu cha kwanza kwenye maswali haya, andika nani anaenda ukilinganisha na nani, kwa maneno kabisa: boti kwa ardhi = boti kwa maji + maji kwa ardhi. Ni kujumlisha vekta tu, na "maji" yanakatana katikati, ukiona hayakatani ujue umepanga vibaya. Kuvuka ng'ambo tuite y, kushuka na mkondo tuite x. Tukiandika x kwanza alafu y, boti ina (0, 4), maji yana (3, 0), jumla (3, 4), ukubwa 5 m/s.

Na hapa sasa mtu anachukua 120 ÷ 5 = sekunde 24. Hapana! Ile 5 ni spidi ya kwenye mstari wa mshazari na ile 120 ni ya kuvuka moja kwa moja, umegawanya embe kwa chungwa. Umbali wa y ugawanye kwa velositi ya y: 120 ÷ 4 = sekunde 30. Mkondo haujasaidia wala haujachelewesha kuvuka, umesukuma pembeni tu: 3 × 30 = mita 90 chini ya pale alipolenga. Mkondo ukiwa mkali mara mbili muda ni ule ule 30, ila ataangukia mita 180 chini. Ni sarafu za mezani zile zile, zimelala tu.

Nahodha mwenye akili lakini anataka kufika pale pale mkabala. Kila mvuvi anajua unaelekeza omo juu kidogo, kule maji yanakotoka, sisi tunataka kujua ni digrii ngapi. Sharti ni kwamba komponenti ya x ya boti iue mkondo: 4 sin θ = 3, kwahiyo θ = 48.6° toka mstari wa kuvuka. Kinachobaki cha kuvukia ni 4 cos 48.6° = 2.65 m/s, na muda unakuwa 120 ÷ 2.65, kama sekunde 45. Amefika mkabala ila kachelewa, sehemu kubwa ya nguvu yake imeishia kupigana na maji. Swali linapenda kuuliza "muda mfupi kabisa" na "njia fupi kabisa" kama (a) na (b), na ni vitu viwili tofauti, muda mfupi ni kuelekeza moja kwa moja na kukubali kusombwa. Alafu kama mkondo ungekuwa 5 m/s? sin θ = 5/4, kalkuleta inakuletea era. Sio kalkuleta mbovu, ni mto unakuambia kwa boti hiyo hufiki mkabala kwa pembe yoyote.

Kuna moja watu hawaiiti swali la komponenti na ndio ya ndani kuliko zote kwa maoni yangu. Gari linaenda 15 m/s mashariki, linakata kona, baada ya sekunde 3 linaenda 15 m/s kaskazini. Mchapuko wa wastani? Darasa zima: sifuri, spidi si ile ile. Lakini mchapuko unauliza velositi imebadilika vipi, na velositi ni mshale. Mwanzo (15, 0), mwisho (0, 15). Chukua mwisho utoe mwanzo, kivuli kwa kivuli: (−15, 15). Ukubwa wake 21.2 m/s, uelekeo kaskazini magharibi, gawa kwa 3 unapata kama 7.1 m/s². Hiyo sio ndogo, ni zaidi ya theluthi mbili ya mvutano wa dunia, na ndio maana kwenye daladala kona kali abiria wote wanalala upande mmoja na konda kashikilia mlango. Mwili wako ulishajua kuna mchapuko kabla hujafanya hesabu.

Mteremko nautaja haraka. Mihimili, ile mistari ya x na y, sio amri ya Mungu, unaweza kuizungusha. Toroli linashuka mteremko wa 30° bila msuguano, ukishikilia mlalo na wima utateseka kwa sababu mwendo unakuwa kwenye vyote viwili. Lalisha x iende sambamba na mteremko, y iwe inauchoma mteremko, alafu badala ya kukata velositi unakata g: kwenye mteremko ni 9.8 sin 30° = 4.9 m/s², na kuelekea ndani ya mteremko ni 9.8 cos 30°, ambayo haimsogezi mtu. Ukichanganya ipi saini ipi kosaini, fikiria mteremko umekuwa bapa kabisa, pembe sifuri, toroli halitaki kwenda, kwahiyo lazima iwe ile inayokuwa sifuri pembe ikiwa sifuri. Saini. Hii ya kupeleka pembe kwenye sifuri au 90° uone kama jibu lina maana, itumie kila mahali, imeniokoa mara nyingi kuliko fomula yoyote.

Na kwa wanaopenda riadha. Julius Yego wa Kenya, Beijing 2015, mashindano ya dunia, mkuki mita 92.72, dhahabu. Mkuki ulitoka mkononi na spidi gani? Tujaribu kukadiria tukijifanya hakuna hewa na mkuki umeanzia ardhini. Upande wa y: unapanda na kushuka, t = 2vy/g. Upande wa x: umbali = vx × 2vy/g. Kwa pembe ya 45° vx na vy zinalingana, na umbali unakuwa v²/g, kwahiyo v ni kipeuo cha 92.72 × 9.8, kama 30.1 m/s, zaidi ya kilomita 108 kwa saa toka kwenye mkono wa binadamu. Ni makadirio tu, maana mkuki unatoka juu ya bega sio ardhini, hewa inaubeba na kuukwamisha, na warusha mkuki wenyewe hawarushi 45°, wanarusha chini ya hapo. Lakini kwa mistari mitatu ya kukata na kuunganisha umeshapata wazo la mkono wa yule bwana.

Zoezi la kubaki nalo: rudi kwenye faulo yetu, spidi ile ile 20, ila sasa mchezaji kapiga 22° badala ya 20°. Ukutani utapata kama mita 2.50, umemvuka hata anayeruka. Golini utapata mita 2.38, chini ya 2.44, na utaanza kushangilia. Ila kabla hujaandika "goli" kumbuka mpira una kipenyo cha kama sentimita 22, na hiyo y yetu yote tuliipima toka chini ya mpira, pale ulipokuwa umekaa kwenye nyasi.